60 na 52 si 112: kisa cha aota iliyopigwa mionzi mara mbili

Mgonjwa ni mzee wa miaka 67, mkaazi wa Likoni, Mombasa, aliyefanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Alivuta sigara miaka mingi, kisha akaacha. Miaka miwili na ushei iliyopita alitibiwa saratani ya sehemu ya juu ya pafu la kushoto, kwa mionzi pamoja na kemo, katika hospitali iliyo nje ya Pwani. Alirudi nyumbani akapata nafuu ya kweli: alikula vizuri, alipanda ngazi bila kusimama njiani, na akarejea kuadhini msikitini kwao. Jamaa zake wa msikitini ndio waliotangulia kusikia kwamba sauti yake imekauka. Akanywa tangawizi na asali, akanunua antibayotiki kwenye duka la dawa, lakini sauti haikurudi.

Ukaukaji huo wa sauti ulikuwa na maana kubwa kuliko mafua. Neva ya kushoto inayoendesha nyuzi za sauti haiendi kooni moja kwa moja. Hushuka kwanza hadi kifuani, hupinda chini ya tao la aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ndipo hupanda tena shingoni. Chochote kinachoota pale kwenye tao kinaweza kuibana. Daktari aliyemwona alilijua hilo, akaagiza picha za CT siku hiyohiyo. Zilionyesha uvimbe wa karibu sentimita 3 ulioegemea ukuta wa tao la aota, tena ndani ya eneo lililokwisha kupigwa mionzi. Picha za PET zilizopigwa Nairobi hazikuona saratani mahali pengine, na kipande kilichochukuliwa kikathibitisha kuwa ni ugonjwa uleule. Mapafu yake hayangehimili upasuaji.

Jina lake silitaji, na mambo kadhaa ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Mimi ni mwanafizikia wa tiba: kazi yangu ni kupanga dozi, kuipima, na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa na daktari ndicho kinachoingia mwilini. Naeleza kisa hiki kwa sababu ya hesabu moja iliyoletwa kwenye kikao cha madaktari. Hesabu hiyo ilionekana salama kabisa. Naamini italetwa tena kwingine, kwa kuwa wagonjwa wanaorudi kutibiwa mara ya pili wanaongezeka kadiri tiba ya mara ya kwanza inavyowasaidia kuishi zaidi.

Pendekezo la kwanza lilikuwa SBRT, yaani mionzi ya kulenga: dozi kubwa kwa vikao vichache, mihimili mingi inayoingia kutoka pande mbalimbali na kukutana kwenye uvimbe. Familia nayo ilishasikia habari za CyberKnife, mashine ya mionzi ya kulenga iliyoko KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na binti yake aliuliza mapema kama baba atapelekwa huko. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini mashine inayolenga vizuri haikuwa ndiyo kikwazo hapa. Uvimbe ukiwa umegusana na aota, hata mhimili usiokosea hata milimita moja lazima uuguse ukuta wa aota, maana ukingo wa uvimbe na ukuta wa mshipa ni mahali pamoja.

Dozi iliyopendekezwa ilikuwa Gy 50 kwa vikao 5, Gy 10 kila kikao (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi). Kwa mpango wa vikao 5, mipaka inayotumika sana kwa mishipa mikubwa ya damu, yaani aota, vena kava na mishipa mikuu ya mapafu, ni ile iliyomo katika ripoti ya TG-101 ya chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, ya mwaka 2010. Ripoti hiyo inaweka mambo mawili. Kwanza, nukta yoyote ya mshipa isizidi Gy 53. Pili, ujazo wa mshipa unaopata zaidi ya Gy 47 usizidi sentimita za ujazo 10, ambazo ni kama vijiko viwili vya chai. Kwa vikao 3 mipaka hiyo hushuka hadi Gy 45 kwa nukta na Gy 39 kwa ujazo uleule. Kwa kikao kimoja ni Gy 37 na Gy 31. Madhara yanayoogopwa yameandikwa waziwazi kwenye jedwali: anyurizimu, yaani mshipa kutuna baada ya ukuta wake kudhoofika.

Angalia kwamba mpaka wa pili unataja ujazo halisi, hautaji asilimia. Ungekuwa wa asilimia, mtu angeweza kuchora aota ndefu kuanzia kifuani hadi tumboni na asilimia ikapungua yenyewe, bila ukuta kupona hata chembe. Ujazo halisi hauruhusu mchezo huo, mradi mshipa umechorwa wote pale mionzi inapofika. Katika jaribio la RTOG 0813, lililohusu uvimbe wa katikati ya kifua, maelekezo yalikuwa kuchora mshipa kuanzia angalau sentimita 10 juu ya eneo la tiba hadi sentimita 10 chini yake. Mimi huchora hivyo mpaka leo, hata kwa mgonjwa asiye katika utafiti wowote.

Mpango wa kwanza ulipotoka kwenye kompyuta, nukta ya juu kabisa kwenye aota ilisoma Gy 52. Sentimita za ujazo 10 zilizopata dozi kubwa zaidi zilikuwa chini sana ya Gy 47. Mipaka yote miwili ilitimia, na kwenye skrini kila mstari ulikuwa wa kijani.

Ila rangi hiyo ya kijani ilikuwa inajibu swali la mtu ambaye aota yake haijawahi kuguswa na mionzi.

Kila aliyekuwa mezani alijua kwamba mzee ameshatibiwa, na suala hilo halikufichwa. Mwenzetu mmoja alikuja na utafiti unaofaa kabisa, uliofanywa na Evans na wenzake na kuchapishwa mwaka 2013. Waliwafuatilia wagonjwa 35 ambao aota zao zilipigwa mionzi mara mbili kwa ajili ya saratani ya kifua. Wawili kati yao walikufa kwa madhara ya aota. Wote wawili walikuwa miongoni mwa wale ambao sentimita moja ya ujazo ya aota ilipata jumla ya Gy 120 au zaidi. Katika kundi hilo, mmoja kati ya wanne alikufa kwa sababu hiyo. Waliobaki chini ya Gy 120 hakuna aliyekufa kwa aota. Basi, akasema mwenzetu, mara ya kwanza mzee alipata 60, sasa atapata 52, jumla 112. Tuko chini ya mpaka.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote.

Ukuta wa mshipa hauhesabu Gy peke yake. Unahesabu pia kila Gy imekuja ikiwa imegawanywa vipi. Tishu zinazochelewa kuonyesha madhara, na ukuta wa mshipa ni mojawapo, huumia zaidi dozi ya kikao kimoja inapokuwa kubwa. Dozi ndogo ya kila siku huziachia nafasi ya kurekebisha sehemu kubwa ya majeraha kabla ya kesho yake. Dozi ya Gy 10 kwa mpigo huacha majeraha mengi yasiyorekebishika. Wagonjwa wa Evans walitibiwa zaidi kwa dozi ndogondogo za kila siku, na mpaka wa 120 ulizaliwa katika mazingira hayo. Kuuchukua mpaka huo na kuujazia Gy za vikao 5 ni sawa na kujumlisha shilingi na dola kwa sababu tu zote ni pesa.

Njia ya kuzilinganisha ipo, na haihitaji kompyuta. Chukua dozi ya kikao kimoja, igawe kwa 3, ongeza 1, kisha zidisha jibu kwa jumla ya dozi. Hiyo 3 ni uwiano wa alfa kwa beta, yaani namba inayoonyesha tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa dozi ya kikao kimoja, unaotumiwa kwa kawaida kwa tishu zinazochelewa. Ukipata jibu, ligawe kwa 1.67 ili urudi kwenye lugha ya Gy 2 kila kikao, ambayo ndiyo lugha ya tiba ya kawaida.

Kwa mara ya kwanza ya mzee, kama ilikuwa Gy 60 kwa vikao 30: 2 kugawa kwa 3, kuongeza 1, kuzidisha kwa 60, inakuwa 100. Ukirudisha, ni 60 ileile, kama inavyotarajiwa. Kwa mara ya pili, Gy 52 kwa vikao 5 ni Gy 10.4 kila kikao. Gawa kwa 3, ongeza 1, zidisha kwa 52: inakaribia 232. Ukirudisha kwenye lugha ya Gy 2, unapata 139.

Sasa jumlisha: 60 na 139 ni 199.

Kikao kilinyamaza kidogo, kisha ukaja ubishi mzuri. Daktari mmoja alikumbusha kwamba kanuni hiyo ina mashaka ikitumiwa kwa dozi za Gy 10 kwa mpigo, na wapo wataalamu wanaoona kwamba inakuza madhara kuliko yalivyo. Ni kweli. Basi tukapunguza: tukasema ile 139 imekuzwa, tukaiondolea robo nzima. Inabaki kama 104. Jumlisha na 60, ni 164. Bado uko mbali juu ya 120. Mwingine akauliza kuhusu muda uliopita tangu tiba ya kwanza, kwamba huenda aota imejirekebisha kwa kiasi fulani. Evans na wenzake nao walilizingatia hilo katika sehemu ya hesabu zao. Sisi tuliamua kutokata chochote kwa ajili ya muda. Katika mshipa ambao ukipasuka mtu anakwisha kwa dakika, sitaki kupewa punguzo la dozi nisiloweza kulithibitisha.

Yafaa kusema pia mipaka yenyewe imetoka wapi, kwa sababu ikishaandikwa kwenye jedwali huonekana kama imeshuka kutoka juu. Waandishi wa TG-101 walieleza wazi kwamba nyingi ya namba zao zilikuwa hazijathibitishwa kwa data ya kutosha, na kwamba zimetokana na uzoefu pamoja na nadharia. Uzoefu huo ulilipiwa na wagonjwa. Mwaka 2006 kundi la Indiana lilichapisha matokeo ya wagonjwa 70 wa saratani ya mapafu waliopata Gy 60 hadi 66 kwa vikao 3 tu. Baada ya miaka miwili, wenye uvimbe wa pembeni waliokuwa hawajapata madhara makali walikuwa asilimia 83. Wenye uvimbe wa katikati walikuwa asilimia 54. Tangu hapo eneo la katikati ya kifua likaogopwa. Miaka 15 baadaye ukaja utafiti wa HILUS wa nchi za Nordiki: wagonjwa 65, Gy 56 kwa vikao 8, uvimbe ukiwa karibu na matawi makuu ya koo la pumzi. Kumi kati yao walikufa kwa madhara ya tiba, na wanane kati ya hao kumi walitokwa na damu mapafuni. Hao hawakuwa watu waliopigwa mionzi mara mbili mahali pamoja kama mzee wetu.

Kwa nini ukuta wa aota uharibike, hali ndani yake kunapita damu tele? Kwa sababu ukuta huo ni mnene, na damu inayopita ndani hulisha tabaka la ndani tu. Tabaka la nje hulishwa na mishipa midogo sana iliyotandaa juu ya aota yenyewe. Mionzi huifunga mishipa hiyo midogo polepole, miezi kwa miaka. Tabaka la nje hukosa chakula, hukakamaa, na mahali pengine hufa. Uvimbe ukiwa umeegemea papo hapo, ukayeyuka kwa tiba, unaacha ukuta dhaifu ambao hauna kitu cha kuushikilia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonekana amepona kabisa kwenye picha, halafu akatokwa na damu.

Mpaka hapa nimekuwa nikisema "kama ilikuwa Gy 60 kwa vikao 30". Hiyo "kama" ilituchukulia muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote katika kisa hiki.

Barua aliyopewa mzee alipomaliza tiba ya kwanza ilikuwa na sentensi moja kuhusu mionzi: kwamba amepata Gy 60 kifuani na amevumilia vizuri. Basi. Haikutaja idadi ya vikao, tarehe ya kuanza wala ya kumaliza, upande, wala nishati ya mionzi. Gy 60 hutolewa kwa vikao 30 mahali pengi, lakini pia hutolewa kwa vikao 20, Gy 3 kila kikao. Katika lugha ya Gy 2, hiyo ya pili ni 72 kwa aota, si 60. Tofauti ya 12 si ndogo pale ambapo unatafuta nafasi chini ya 120.

Aliyetusaidia ni binti. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye kila karatasi ya baba yake: risiti, picha za eksirei, karatasi za maabara zilizofifia wino. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo ya kijani ya mahudhurio, imekunjwa mara mbili, ambayo mafundi wa mashine walikuwa wakiigonga muhuri kila mzee alipotoka chumbani. Tuliifungua mezani tukaihesabu mihuri pamoja naye, mara mbili. Ilikuwa 30, na tarehe zake zilionyesha siku tano kwa wiki, ukiacha pengo dogo ambalo binti alilikumbuka: mashine ilikuwa mbovu. Kadi ile haikuwa hati ya kitabibu hata kidogo, lakini ndiyo iliyotuambia jambo ambalo barua haikulisema.

Kadi haikuweza kutuambia dozi iliangukia wapi. Kwa hilo tulihitaji mpango wenyewe wa kompyuta, na si picha ya karatasi tu. Diski tuliyoletewa kwanza ilikuwa na picha za CT peke yake, bila dozi na bila mipaka ya ogani. Tuliandika barua, tukapiga simu, tukaandika tena, na hatimaye tukapata faili kamili. Nawashukuru waliozitafuta, kwa sababu walikuwa na kazi zao na wagonjwa wao. Lakini kuanzia siku ya ombi la kwanza hadi faili kufika, uvimbe ulikuwa palepale na mzee alikuwa akingoja.

Faili zilipofika, tuliziweka picha za zamani juu ya mpya. Kazi hiyo si ya kubonyeza kitufe mara moja. Pafu lililopigwa mionzi hujikunja na kukaza, kifua hubadilika umbo, na tao la aota linaweza kuonekana limesogea kidogo. Tulilinganisha kwa mifupa ya mgongo kwanza, kisha kwa aota yenyewe, tukachora upya mshipa kwenye picha zote mbili. Tuligundua kwamba pale uvimbe mpya ulipoegemea, aota ilikuwa imepata Gy 58 mara ya kwanza. Sentimita chache chini yake dozi ilishuka kwa kasi. Kwa maneno mengine, sehemu iliyotuhusu ilikuwa karibu imejaa, na jirani yake ilikuwa na nafasi. Barua ya "Gy 60 kifuani" isingeweza kutuonyesha hilo kamwe.

Kutoka hapo mpango ulibadilika. Vikao 5 viliwekwa kando. Tulipanga vikao 15, Gy 4 kila kikao, jumla Gy 60 kwenye sehemu kubwa ya uvimbe, na tukaiambia kompyuta kwamba aota ina haki ya kwanza: pale uvimbe unapogusana nayo, dozi ishuke hata kama uvimbe utapata pungufu. Baada ya majaribio kadhaa sentimita moja ya ujazo ya aota iliyopata dozi kubwa zaidi ilibaki kwenye Gy 36. Kwa vikao 15 hiyo ni Gy 2.4 kila kikao. Igawe kwa 3, ongeza 1, zidisha kwa 36, rudisha: ni 39. Ile Gy 58 ya zamani kwa vikao 30 ni 57 katika lugha ileile. Jumla ni 96.

Umio, uti wa mgongo na matawi ya koo la pumzi navyo vilifanyiwa hesabu yake, na kila kimoja kilikuwa na dozi ya zamani. Siviingilii hapa.

Tulichopoteza nataka kukisema bila kukipamba. Upande mmoja wa uvimbe, ule unaogusa aota, haukupata Gy 60. Ulipata dozi iliyoanzia 36 ukutani ikapanda taratibu kwenda ndani. Hata sehemu iliyopata Gy 60 kamili kwa vikao 15 ina nguvu ya kibiolojia ya 84 dhidi ya saratani, ukitumia 10 mahali pa 3 kwenye kanuni ileile. Gy 50 kwa vikao 5 ingekuwa na nguvu ya 100. Tafiti za Japani zilizoongozwa na Onishi, zilizochapishwa 2004, zilionyesha kwamba kwa saratani changa ya mapafu, uvimbe uliopata 100 au zaidi ulirudi kwa asilimia 8 hivi ya wagonjwa, na uliopata chini ya hapo ulirudi kwa asilimia 26. Uvimbe wa mzee si saratani changa, lakini mwelekeo ni huo. Tulinunua usalama wa aota kwa kuongeza uwezekano wa saratani kurudi. Naona tulinunua kwa bei ya haki, na wenzangu wawili mezani waliona bei ni kubwa. Uamuzi haukuwa wetu peke yetu.

Daktari wake alikaa naye na binti, mlango umefungwa, na nilikuwepo. Hakuleta namba. Alichora kifua kwenye karatasi, akachora aota, akachora uvimbe umeigusa.

"Mzee, tukiupiga kwa nguvu zote, huenda tukauua kabisa. Lakini mshipa huu ulishachomwa mara moja. Tukiuchoma vile tena, unaweza kupasuka. Tukiupiga kwa kiasi, mshipa una usalama zaidi, ila ugonjwa unaweza kurudi pale ukingoni."

Mzee aliitazama karatasi kwa muda. "Na ukipasuka, mwanangu, nitajua?"

"Wakati mwingine hutangulia damu kidogo kwenye kikohozi. Ukiiona, hata tone, hata iwe saa nane usiku, usingoje asubuhi."

"Sisi tuko ng'ambo," binti akasema. "Usiku kuna feri."

Hilo lilikuwa suala la kitabibu kuliko ilivyodhaniwa. Mgonjwa anayeishi ng'ambo ya kivuko cha Likoni hana njia ileile ya kufika hospitalini kama wa Tudor, upande wa kisiwani. Walikubaliana wazi: akitema damu ataanzia hospitali iliyo karibu upande wao wa kusini, atulizwe hapo, ndipo avushwe kwa feri au azungushwe kwa barabara ya Dongo Kundu, kutegemea saa. Namba za simu ziliandikwa nyuma ya ile karatasi yenye mchoro. Shinikizo lake la damu, ambalo alikuwa akilitibu siku anazojisikia tu, likawekewa dawa ya kila siku, kwa sababu ukuta dhaifu hauhitaji kusukumwa zaidi. Pia iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili kwamba asipewe bevasizumabu, dawa ya saratani inayozuia mishipa mipya ya damu na ambayo inajulikana kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Mzee akachagua vikao 15. "Mimi nimeshapewa miaka miwili ambayo sikuitarajia," akasema. "Alhamdulillahi. Nipigeni kwa kiasi."

Wapo watakaouliza kama tahadhari hii inahusu aota tu. Ateri ya karotidi ya shingoni ina kisa chake, na data yake ni nyingi zaidi. Mapitio ya McDonald na wenzake ya mwaka 2012 yaliwakusanya wagonjwa 1,554 wa saratani za kichwa na shingo waliorudiwa mionzi: 41 walipasukiwa na karotidi, na robo tatu ya hao walikufa. Watafiti wa Uturuki wakiongozwa na Cengiz, mwaka 2011, waliona kwamba kati ya wagonjwa 46 waliorudiwa kwa mionzi ya kulenga, wanane walipasukiwa, na wote walikuwa wale ambao uvimbe ulizunguka nusu ya mshipa au zaidi. Huko kipimo cha kwanza ninachokitazama kabla ya Gy yoyote ni pembe: uvimbe umeuzunguka mshipa nyuzi ngapi? Kwa mzee wetu, uvimbe ulishika kama robo ya mduara wa aota. Ungeshika nusu, sidhani kama ningekubali hata vikao 15.

Alimaliza vikao vyote bila kukatiza. Alipata kikohozi kikavu kilichotulia kwa dawa, na chakula kilimuuma kooni kwa wiki kadhaa. Picha za CT za mwisho zilionyesha uvimbe umepungua na ukuta wa aota haujatuna. Hajatema damu. Sauti haijarudi kama ya zamani, na daktari alimwambia asiitarajie, maana neva iliyobanwa muda mrefu mara nyingi hairudi. Madhara ya aota huweza kujitokeza baada ya miezi mingi, kwa hiyo ataendelea kupigwa picha kwa ratiba, na hakuna aliyemwambia kwamba hatari imekwisha.

Barua yake ya kutoka safari hii ina kurasa mbili. Imeandikwa idadi ya vikao, tarehe ya kwanza na ya mwisho, dozi ya kila kikao, nishati, upande, na jedwali la kila ogani ya kifua lenye dozi ya mara ya kwanza, dozi ya mara ya pili na jumla yake katika lugha ya Gy 2. Diski iliyoambatana nayo ina picha, mipaka na dozi za tiba zote mbili, na tuliifungua kwenye kompyuta nyingine mbele ya binti kuhakikisha inasomeka. Kwenye mstari wa aota imeandikwa 96, pamoja na sehemu iliyopigwa mara zote mbili, ili yeyote atakayefikiria kumtibu hapo siku nyingine aanzie kwenye namba hiyo.